Nilinunua bunda la mabango kwa elfu themanini, sasa nashindwa kumtazama bibi usoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 49, nina mke na watoto watatu, fundi wa majokofu hapa Tanga. Nakuandikia wewe kwa sababu rafiki zangu hawataelewa mtu mzima akose usingizi kwa ajili ya karatasi.

Nakusanya mabango ya zamani ya sinema na ya muziki wa roki. Nilianza utotoni bila kujua kwamba nimeanza. Kwetu hapakuwa na hela ya tiketi. Wenzangu wakiingia kutazama picha, mimi nilibaki nje nasoma bango: nani stelingi, nani adui, nani kaimba. Usiku nawahadithia wadogo zangu picha nzima, niliyoitunga kutokana na lile bango. Disco Dancer niliiona kwa macho yangu nikiwa na miaka 30, nikakuta siyo ile niliyowasimulia. Roki nayo ililetwa nyumbani na mjomba wangu baharia, kanda kwa kanda: Hendrix, Santana, Queen. Alikuwa akituambia kwa fahari kwamba yule mwimbaji wa Queen ni mtoto wa Unguja, kazaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Leo nina mabango 140 hivi. Mengi ni ya Kihindi, yapo ya Bruce Lee, na machache ni yale mapana ya Kiingereza. Nimeyalaza uvunguni katikati ya mbao nyembamba, mbali na mchwa.

Miezi minane iliyopita nilielekezwa kwa bibi mmoja wa miaka 78. Marehemu mumewe alibandika mabango ya sinema ujanani, kisha akapanda kuwa mwendesha mitambo ya kuonyeshea picha. Bibi alinitolea sanduku la bati, ndani yake bunda limefungwa kwa kipande cha kanga. Bango jingine alikuwa amefunikia mtungi wa maji. Macho yake hayaoni vizuri, akaniomba nimsomee moja moja. Nikasema Mother India, Nargis, akajibu, "Hiyo alibandika usiku, mvua ikainyea, asubuhi akarudia." Nikasema Sholay, akanitajia stelingi wote kabla sijasoma majina. Tulikaa hivyo tangu saa nne mpaka adhuhuri.

Chini kabisa nikakuta karatasi mbili ndogo, nzito, za aina nyingine. Ya kwanza ina jicho kubwa lenye mbawa, limetokeza katikati ya duara la moto. Herufi zake zimepindapinda, lakini nilizisoma: Jimi Hendrix, John Mayall, Albert King. San Francisco, Februari 1968. Mkono ulinitetemeka. Nikafunika kwa bango jingine, nikaendelea kusoma. Bibi akasema hizo mbili ziliachwa na mwalimu wa Kimarekani aliyepanga chumba cha uani, akaondoka 1969.

Nikamwambia nitampa elfu themanini kwa bunda zima. Akasema, "Nyingi hiyo, mwanangu," akaenda akaliondoa lile la kwenye mtungi akaniongezea. Kisha akanishika mkono: "Lakini uniahidi hutayauza. Mwenyewe aliyatunza miaka yote." Nikamwahidi.

Nyumbani nilipiga picha nikawatumia wakusanyaji wenzangu, zikafika mbali. Mtu wa Marekani amesema atanunua lile la jicho kwa dola 6,000. Ni kama milioni 15, Shangazi. Binti yetu kapata chuo na ada hatuna. Mke wangu anasema, "Umenunua halali, hujaiba kwa mtu." Wakati huohuo mjukuu wa bibi amenijia: bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa matibabu, nauli na mtu wa kukaa naye wanahitaji laki nne. Nikatoa elfu hamsini. Bibi akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua ndefu. Tangu siku hiyo napita njia ya nyuma nisipite mlangoni kwake.

Nikiuza nimsaidie, nimevunja ahadi. Nisipouza, nimekalia tiba yake. Nikimwambia ukweli, atajua nilimpunja. Sikujua, Shangazi, sikujua kwamba ni ghali kiasi hicho. Nifanye nini?

Mpenda Mabango, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipofika pale bibi anapoondoa bango juu ya mtungi akuongezee, niliiweka chini kidogo. Mimi nimekulia Unguja, enzi za picha ya Jumapili jioni, watu wamevaa kana kwamba wanakwenda harusini. Najua bango lilikuwa nini kwa mtoto. Kwa hiyo hutasikia kwangu kwamba unahangaikia karatasi.

Nikikuelewa sawasawa, umebeba madeni mawili na kila moja linalivuta jingine. La kwanza ni la fedha: unaona kwamba kitu ulichokichukua kwa bei ya maandazi kina thamani ya kumrudishia bibi macho yake. La pili ni la ahadi: ulishikwa mkono ukasema hutauza. Ili ulipe la kwanza inabidi uvunje la pili, na ukilishika la pili, la kwanza linabaki kukuuma. Katikati yao yupo binti yako na ada ya chuo, ambaye hahusiki na lolote.

Naomba tulitazame neno moja kabla ya mengine. Umeandika "sikujua" mara mbili katika mstari mmoja. Lakini juu kidogo umeandika pia kwamba mkono ulitetemeka, ukalifunika lile jicho, ukaendelea kusoma. Sikunyooshei kidole. Hukulazimika kuniandikia habari ya mkono wako, na umeiandika. Nadhani kweli hukujua ni dola 6,000. Nadhani pia ulijua kwamba umeshika kitu, na ukaogopa bibi asije akajua kwamba umekijua. Kati ya kutojua kabisa na kuiba pana uwanja mpana, na wewe umesimama humo mahali fulani. Mahali gani hasa, unapajua mwenyewe. Nahisi kinachokukosesha usingizi ni ile sekunde ya kufunika kuliko hizo dola.

Kama wewe ni mtu wa dini, jambo hili si geni kwa wanazuoni. Kuna neno lao, ghabni, la mtu kupunjika kwa bei katika mauziano, nao wamelijadili kwa urefu: lini ni biashara ya kawaida, lini hila imeingia. Mpelekee sheikh unayemwamini, umweleze na ile habari ya mkono. Usimpelekee nusu ya kisa, maana atakupa nusu ya jibu.

Sasa dhana zako. Umeamini kwamba lile bango ni lenyewe. Huenda ni kweli, na kisa cha mwalimu wa Kimarekani kinakubaliana na tarehe. Lakini wewe ni mkusanyaji, tuzungumze kikusanyaji. Yale mabango ya San Francisco yalichapwa kutangaza maonyesho ya wiki moja, katika kumbi alizoziendesha Bill Graham, na hilo la jicho lilichorwa na Rick Griffin. Yalipendwa mno, watu wakawa wanayabandua ukutani hata kabla ya onyesho. Kwa hiyo mengi yalichapwa tena, mengine muda mfupi tu baadaye, na miaka iliyofuata wakaja wa kughushi. Maana yake ni kwamba karatasi inaweza kuwa ya kale kwelikweli na bado isiwe ya chapa ya kwanza, na tofauti ya bei kati ya chapa ya kwanza na ya baadaye ni kubwa mno. Tofauti zenyewe ni ndogo: vipimo vya karatasi kwa milimita, uzito wake, yale maandishi madogo ya ukingoni chini. Aliyetaja dola 6,000 ameona picha ya simu. Akilishika mkononi anaweza kusema mia tatu, na wakati huo bango liko kwake na wewe uko Tanga. Mpe vipimo, mpe picha za pembe zote na za nyuma, kisha mtafute mjuzi wa pili asiyetaka kununua. Usilitume popote kabla fedha haijaingia mkononi kwa njia unayoielewa.

Nimelitaja hili kwa sababu kuna hatari ya kumfikishia bibi habari ya milioni 15 ambazo hazipo. Atangojea, wajukuu watangojea, na bango likitoka kuwa nakala, ni nani atakayeamini kwamba hukuzila? Ila ujue na upande wa pili: "ngoja kwanza nihakikishe" ni maneno yanayoweza kuvutwa mwaka mzima. Umeshakaa miezi minane.

Dhana ya pili inahusu bibi mwenyewe. Unamwandika kama mtu asiyejua thamani ya alichokuwa nacho. Mimi nilichosoma ni mwanamke aliyekumbuka mvua iliyonyea bango la Mother India na usiku wake. Mabango ya sinema yalitengenezwa yaishe: yalibandikwa, yakanyeshewa, yakabandikwa mengine juu yake. Kilichobaki katika lile sanduku ni kile ambacho mumewe aliamua kisiishe. Alilinda hata baada ya majengo ya sinema kutaifishwa mwaka 1971, hata baada ya video kuwatoa watu kwenye viti. Bibi alijua anauza nini. Alimchagua mnunuzi aliyekaa saa mbili akamsomea. Asilolijua ni bei ya dunia, nalo ni jambo jingine kabisa. Nakuomba usiyachanganye haya mawili, kwa sababu ukiyachanganya utakwenda kumhurumia, na sidhani kwamba huruma ndiyo inayomstahili.

Dhana ya tatu: ahadi yenyewe inafika wapi? Alisema, "Mwenyewe aliyatunza miaka yote." Mwenyewe ni mumewe. Je, karatasi mbili za mwalimu aliyekuwa mpangaji zimo ndani ya ahadi hiyo? Labda kwake ni takataka za uani tu. Labda ndizo zilizomkumbusha kijana fulani aliyekula mezani kwake. Na hata yule mwalimu, aliziacha kwa maana ya kuwapa au alishindwa tu kuzibeba? Wewe na mimi tunaweza kukisia mpaka kesho, lakini anayejua yuko hapo mtaani kwako, na unapita njia ya nyuma.

Macho nayo ningeyatenganisha na bango. Umeyafunga pamoja kana kwamba bibi hawezi kupasuliwa mpaka Marekani ilipe. Mtoto wa jicho ni upasuaji unaofanyika hapahapa nchini, na mara kwa mara hospitali za mikoa hupokea kambi za macho ambapo gharama hupungua sana au huondolewa. Nenda na mjukuu mkaulize, hata kabla hujaamua lolote juu ya jicho la karatasi. Fundi wa majokofu anaweza kutoa laki kidogo kidogo. Hilo halilipi deni lako, ila angalau linamwondoa bibi kwenye foleni ya kungojea dhamiri yako itulie.

Ndugu yangu mmoja niliyemsimulia kisa chako, bila kutaja mji, alisema: "Si amlipie tu matibabu kimyakimya, yaishe?" Ni njia, na wengi wangeifuata. Bibi anapona, ahadi haivunjwi mbele yake, ndoa yako inapumua. Hatari yake umeshaionja. Ulitoa elfu hamsini ukaombewa dua, na dua ile ikakufukuza njiani, kwa sababu alikuwa anakushukuru kwa kitu ambacho moyo wako ulishaanza kukiita chake. Ukitoa laki nne kwa siri, dua itakuwa ndefu zaidi. Kama unaweza kuishi nayo, sitakuzuia. Jiulize tu kama utaweza kurudi kupita mlangoni.

Njia ya kumwambia yote nayo ina miiba yake. Anaweza kuumia. Anaweza kukuita mwongo, na jina la mtu katika mtaa halishonwi likishachanika. Wajukuu wakisikia dola, kila mmoja atakuja na hesabu yake, na wengine watadai bunda zima lirudi, liuzwe kwa wa kwanza atakayepita, na mabango ya Kihindi yaliyolindwa miaka hamsini yaishie kufungia vitumbua. Ndiyo maana, ukichagua njia hii, ningetamani usianzie kwa mjukuu. Anzia kwa bibi mwenyewe, akiwa na mtu mmoja wa makamo anayemwamini. Uende na bango lenyewe mkononi. Usiende na hesabu ya mgawanyo uliyoipanga chumbani na mkeo, iwe nusu kwa nusu au vinginevyo. Ukifika na hesabu, utakuwa umemnunulia tena bila kumuuliza bei.

Huenda akasema, "Liuze mwanangu, binti asome." Huenda akasema, "Nirudishie." Huenda akasema ahadi ni ahadi. Uko tayari kwa lipi kati ya hayo? Kama lipo ambalo huwezi kulipokea kabisa, hilo ulitazame kwanza kabla hujabisha hodi.

Kuna na njia ya kutouza kabisa, nami naiheshimu kuliko unavyodhani. Mtoto aliyesoma picha kutoka nje ya mlango, leo kalala juu ya mabango 140. Kwangu hayo ni makumbusho, hata kama yako uvunguni. Nani mwingine Tanga anayo? Lakini kama unayashika kwa ajili ya ahadi, yashike kama amana: piga picha kila moja vizuri, andika pembeni alichokwambia bibi, mvua na yote, kwa sababu hayo maneno hayauzwi San Francisco na yeye ana miaka 78. Na usiyapeleke kupigwa laminesheni. Najua vijana wa stesheneri watakushauri hivyo wakidhani wanakusaidia. Plastiki ile haitoki tena, na mkusanyaji yeyote makini atalihesabu bango hilo kuwa limeharibika. Selotepu vilevile iache, gundi yake hugeuka manjano ikala karatasi.

Mke wako. Katika barua amepewa sentensi moja tu, nayo ni ya biashara, msomaji atamwona mkavu. Mimi simwoni hivyo. Ana binti aliyepata chuo na mume anayelala juu ya milioni 15 akiugulia. Je, yeye unamweleza nini? Ile ahadi uliyoshikwa mkono anaijua? Ile sekunde ya kufunika anaijua? Nina wasiwasi kwamba unabishana naye juu ya bei wakati hujamweleza kisa. Mtu akijua nusu, hutoa ushauri wa nusu, kama yule sheikh. Mweleze saa zile mbili ulizokaa ukisoma. Anaweza kukushangaza, na hata asipokushangaza, mtakuwa mnazungumza jambo moja.

Sitakwambia uuze wala usiuze. Nimeona watu waliouza kitu wakakilipia machozi, na waliokishika mpaka kikawashinda. Ninachokuomba ni kidogo. Wiki hii pita njia ya mbele. Si lazima useme la dola siku hiyo. Chukua lile bango la kwenye mtungi, lile alilokuongezea, ukae naye kibarazani umsomee majina yaliyopo, umuulize mumewe alilibandika wapi. Utajua ukiwa hapo kama maneno mengine yanataka kutoka.

Kisha niandikie alikujibu nini.